Ugonjwa wa Kwetu

Kiwandani walimwita Kiuno. Kila mtu pale alikuwa na jina la kubandikwa. Msimamizi alikuwa Filimbi kwa sababu ya pengo lake la mbele, na bwana wa kwenye mashine ya kukandia unga alikuwa Mzinga, na ukimwona huulizi kwa nini. Yeye alipewa lake kwa sababu kila mwezi zilifika siku alizotembea mkono mmoja ukiwa kiunoni, kama mtu aliyevaa sketi iliyokatika kifungo. Alilicheka jina hilo pamoja na wenzake. Afadhali wacheke kuliko waulize.

Kazi yake ilikuwa kutoa mikate kwenye tanuri. Mikono yake ilikuwa na makovu ya trei kuanzia vidoleni hadi viwikoni, na maumivu ya moto alikuwa ameshayazoea hata hayamshtui. Ya tumbo ndiyo yaliyomshinda. Yalianzia chini ya kitovu, yakazunguka mgongoni, yakateremka pajani mpaka mguu wa kushoto ukafa ganzi. Siku za damu hata kwenda haja kubwa kulikuwa kama kuzaa mawe. Alimeza vidonge vya maumivu kama njugu, akajikaza kisabuni, akavuta trei.

Asubuhi moja trei ilimponyoka. Mikate ikatapakaa sakafuni, na watu walipogeuka yeye hakuwepo. Walimkuta nyuma ya magunia ya unga, amejikunja kama jongoo, uso umechanganyika jasho na unga. Filimbi akaja akasimama juu yake.

"Kiuno, kama una mimba sema, tujue moja."

"Bosi, ningekuwa na mimba ungenikuta nacheza."

Watu wakacheka. Filimbi naye akacheka, akamruhusu aende nyumbani. Alipotoka mlangoni alisikia mtu akisema, "Huyu mama anapenda kudeka," na hakugeuka kumtazama ni nani.

Ukweli ni kwamba mimba ndiyo ilikuwa mjadala wa nyumba yao. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa darasa la tatu, aliyemzaa akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka ule ule alioolewa. Baada ya hapo, kimya. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mwanamume mpole wa maneno machache, na haki yake asinyimwe: siku za mwanzo wa ndoa aliwahi kumbeba mgongoni kwenye mvua, kutoka nyumbani mpaka zahanati, akimbembeleza njia nzima. Lakini upole nao huchakaa. Zahanati walisema ni maambukizi ya nyonga, wakampa dawa za kutumia wote wawili, mke na mume. Fundi akameza zake bila neno. Maumivu yakarudi, wakapewa tena, akameza. Yaliporudi tena na tena, akaviweka vidonge mezani, akavitazama kama mtu anayetazama nyaya zilizoungua.

"Mimi najijua," alisema. "Sina mtu wa pembeni. Sasa haya maambukizi yanatoka wapi?"

"Hata mimi sijui, baba."

"Hujui."

Usiku wa chumbani ndio uliomaliza kila kitu. Tendo la ndoa lilimchoma kama kisu, akawa anauma mto ili asipige kelele, kisha akawa anakwepa, kisha akawa anajitia usingizi. Mume hakuyaona maumivu. Aliuona mgongo. Mwishowe akahamia kwenye kochi la sebuleni, na binti yao akazoea kumpita baba yake pale asubuhi akienda kupiga mswaki. Mama mkwe alipokuja kuwasalimu alikaa kwenye kochi hilo hilo, akapapasa shuka lililokunjwa, akasema, "Mwanangu amepata mke wa kuoka mikate ya watu, tanuri la nyumbani limezima." Akacheka peke yake.

Mama yake mzazi ndiye mtu pekee aliyedhani angemwelewa. Alipomweleza, mama hakushangaa hata kidogo.

"Hilo ni letu, mwanangu. Mimi ninalo, mama yako mdogo alikuwa nalo. Vumilia. Damu ikikoma uzeeni utapumzika."

Wao walikuwa mabinti wawili tu, Kiuno na mdogo wake, ambaye kwa kuwa alifunga mlango wa uzazi wa mama yao aliitwa Kitinda mpaka ukubwani. Walikua wakijua kwamba kuna siku mlango wa chumba cha mama haufunguliwi, na siku hizo wanajipikia wenyewe. Wote wawili walivunja ungo mapema, kabla hata ya kumaliza shule ya msingi, na damu yao ilikuja kwa mfululizo. Hii haijakauka, nyingine imeshabisha hodi. Walipokuwa wasichana walikuwa wakijificha pamoja nyuma ya kabati, kila mmoja akimshika mwenzake mgongo, kwa sababu ndiyo sehemu ya nyumba ambako baba hakuweza kuwasikia wakilia. Walidhani wanawake wote duniani wako hivyo.

Kitinda alikwenda ng'ambo, nchi ya baridi, kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, akawageuza kitandani, akawalisha, na kila wiki akapiga simu kulalamika kuhusu baridi. Simu aliyopiga mchana mmoja, Kiuno akiwa uani pa kiwanda amekalia kreti na chai yake, haikuwa ya baridi.

"Dada, uko peke yako?"

"Niko na nzi. Sema."

"Nilianguka kazini. Usishtuke, nipo sawa sasa. Nilikuwa nimembeba kikongwe mmoja kumtoa bafuni, tumbo likanikata, tukaenda chini wote. Yeye hakuumia. Mimi wakanipeleka hospitali."

"Mama yangu wee! Na hukusema?"

"Subiri. Sikiliza kwanza. Daktari alikaa na mimi, dada. Alikaa kabisa, akavuta kiti. Akaniuliza nilianza kuona damu nikiwa na umri gani. Akaniuliza inakaa siku ngapi, inakuja kwa kukaribiana au kwa kuachana. Kama nimewahi kuzaa. Halafu akaniuliza kama mama yangu anaumwa hivyo. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nina dada." Sauti ya Kitinda ikakatika, ikarudi. "Alipouliza kuhusu dada, nikakuona nyuma ya kabati. Nililia pale kama mtoto, mpaka akadhani ameniumiza."

Kiuno aliweka kikombe chini.

"Una jina ugonjwa huu, dada. Unaitwa endometriosis. Kuna nyama nyembamba inayotanda ndani ya mfuko wa uzazi, ile inayomwagika kila mwezi. Sasa sisi nyama kama hiyo inaota nje, kwenye mirija, kwenye utumbo, popote. Kila mwezi nayo inavuja damu, na haina pa kutokea. Inavimba, inaganda, inashikanisha vitu huko ndani. Walinitoboa kitovuni, wakaingiza kamera, wakaiona kwa macho. Wameichoma."

"Na wewe umeipata wapi?"

"Hilo ndilo nililokupigia. Siyo ya kuambukizwa. Daktari amesema ukiwa na mama au dada mwenye huo ugonjwa, wewe uko kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Ukianza damu mapema, hatari inaongezeka. Ikija kwa kukaribiana na nyingi, inaongezeka. Dada, alikuwa kama anatusoma sisi. Nenda hospitali kuu. Usiende zahanati. Waambie hilo jina."

Kiuno alirudi kwenye tanuri akilitamka jina lile kimoyomoyo kama mtoto aliyetumwa dukani. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alijisikia mwepesi. Jioni alimweleza Fundi kila kitu, na Fundi akasikiliza, akakubali kwenda naye. Usiku ule alilala chumbani.

Hospitali kuu walikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi. Daktari waliyeingia kwake alikuwa mtu mzima, macho mekundu kwa uchovu, na nje ya mlango wake foleni ilikuwa imepinda kona. Hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kwa heshima, akamwita mama, akasikiliza mpaka alipofika kwenye lile jina. Hapo akatabasamu.

"Nani amekuambia hayo?"

"Mdogo wangu, daktari. Yuko ng'ambo. Wamempima wakakuta."

"Basi yeye yuko ng'ambo. Mama, huo ugonjwa naujua, tumeusoma. Ni wa wanawake wa kule. Wanasoma mpaka miaka thelathini na tano, hawazai, wana mawazo mengi ya ofisi. Mdogo wako amezaa?"

"Bado."

"Umeona? Wewe una mtoto, tena ulimzaa ukiwa binti. Huwezi kuwa nao. Wanawake wa huku wanazaa mapema, hawana mambo hayo. Kwa muda wote niliofanya kazi hapa sijamwona hata mmoja mwenye ugonjwa huo."

"Daktari, aliulizwa kuhusu mama yetu. Mama naye..."

"Kila mwanamke atakuambia mama yake aliumwa tumbo." Alisema bila ukali, akiandika. Akamlaza, akampaka ile dawa ya baridi, akapitisha kipimo cha ultrasaundi chini ya kitovu, akatazama mfuko wa uzazi, akasema hauna kitu kikubwa isipokuwa majimaji kidogo na dalili kwamba mirija ina makovu. Hakupandisha kipimo juu zaidi, hakuona sababu. Akamfuta, akakaa, akawatazama wote wawili, na hapo ndipo alipouliza swali lile.

"Mama, uniwie radhi, ni lazima niulize. Ukiwa msichana, uliwahi kutoa mimba?"

Feni ya darini ilikuwa ikilia kwa kukwaruza. Kiuno aliusikia mlio huo vizuri kuliko alivyosikia sauti yake mwenyewe.

"Hapana."

"Usione aibu. Makovu ya namna hii mara nyingi hutokana na hayo, au na maambukizi ya muda mrefu."

"Nimesema hapana, daktari."

Daktari akaandika dawa, zile zile za siku zote, za mke na mume.

Walifika nyumbani, binti akawapokea, akawatengea chakula, akaondoa vyombo. Ndipo Fundi akasema, bila kumtazama, "Daktari hana sababu ya kukusingizia."

"Na mimi nina sababu gani ya kukudanganya?"

"Ulikuwa na maisha yako kabla yangu. Ungesema tu. Mimi ningekusamehe."

"Unisamehe nini?" Kiuno alisimama. "Unisamehe nini, baba? Kuumwa?"

Fundi akachukua shuka lake, akaenda sebuleni. Hawakugombana tena baada ya siku ile, na pengine hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alianza kuchelewa kurudi. Akaanza kwenda kutengeneza majokofu miji ya mbali, akikaa huko wiki nzima. Kiuno alimweleza Kitinda kwa simu kwamba amepimwa na hana ule ugonjwa. Huku kwetu haupo. Kitinda alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. Kiuno akamkatia. Alikuwa amechoka kuwa kesi ya watu.

Akaendelea kuvuta trei. Mwaka ukapita hivyo, na ukaanza mwingine. Sasa maumivu hayakungoja tena siku za damu. Yalimkaa ubavuni, upande wa kushoto, mazito na ya kimya, kama mtu aliyeegemea. Akakonda mpaka Mzinga akaacha utani, akawa anamshikia upande mmoja wa trei bila kuombwa. Kisha zikaja habari, na zilikuja kama zinavyokuja siku zote, kupitia mdomo wa mtu mwenye huruma: Fundi alikuwa na mwanamke katika mji mmojawapo wa ile anayokwenda, na mwanamke yule alikuwa na mimba kubwa. Alipomuuliza, Fundi hakukana. Alisema tu, "Nataka watoto. Hilo nalo ni kosa?" Akafungasha zana zake za kazi kwanza, nguo baadaye.

Kitinda alirudi likizo, akamkuta dada yake amelala mchana. Aliuweka mkoba chini na kufungua kabati la nguo.

"Unatafuta nini?"

"Nguo zako. Kesho tunasafiri."

"Wapi?"

"Kuna mama daktari mmoja, nimeuliza watu mpaka nikampata. Anayo kamera. Na usiniambie umeshapimwa, dada, maana nitakubeba kama ninavyobeba vikongwe vyangu."

Walisafiri kutwa nzima. Binti walimwachia bibi yake, mama yao. Njia nzima Kiuno aliegemea bega la mdogo wake, na kila gari liliporuka shimo Kitinda alimshika mgongo, pale pale alipozoea kumshika utotoni.

Mama daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, anayezungumza upesi upesi. Alimsikiliza Kiuno mpaka mwisho bila kumkatiza, na alipofika kwenye maneno ya ugonjwa wa wanawake wa kule, akavua miwani.

"Ni kweli kwamba wanaoutangaza zaidi ni wa kule," alisema. "Lakini jiulize kwa nini. Kule wana kamera kila mji, wanatazama, wanaona, wanahesabu. Huku nani anatazama? Mtu akiumwa anaambiwa maambukizi, anaambiwa ametoa mimba, anaambiwa atapona akizaa. Halafu tunaandika kwamba ugonjwa haupo. Kuzaa mapema kunaweza kupunguza hatari, sikatai. Hakuifuti. Wewe una mama, una mama mdogo, una mdogo wako, ulianza damu ukiwa mtoto, inakuja kwa kukaribiana. Mtoto mmoja uliyemzaa ndiye akufutie yote hayo?"

Kiuno alianza kulia. Hakulia kwa sababu ya ugonjwa. Alilia kwa sababu alikuwa akiulizwa kama mtu mwenye akili zake.

Mama daktari alipitisha kipimo chini, kisha akakipandisha ubavuni, upande wa kushoto. Alikirudisha, akakibonyeza, akakigeuza. Kitinda, aliyekuwa amezoea nyuso za madaktari, aliinuka kwenye kiti.

Ugonjwa ulikuwa umeuzingira mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo ya kushoto, ukaukaba polepole, mwezi baada ya mwezi. Mkojo ukakosa pa kupita, ukarudi nyuma, ukaijaza figo mpaka ikafa. Figo ikifa hivyo haipigi kelele. Yule mtu aliyeegemea ubavuni alikuwa ndiyo hiyo.

"Angeletwa lini ndiyo figo ingepona?" Kitinda aliuliza koridoni, wakiwa wawili na daktari.

"Mwaka jana pengine. Mwaka juzi bila shaka." Akamshika mkono. "Usimwambie leo."

Lakini Kiuno alikuwa amesikia. Mlango wa chumba kile ulikuwa haufungi vizuri.

Upasuaji ulichukua muda mrefu. Kamera haikutosha, ikabidi wamfungue. Mama daktari alimweleza baadaye walichokuta, na kwa kuwa alijua kazi yake alimweleza kwa lugha ya kiwandani: kama mikate iliyopangwa kwa kubanana ikashikana tanurini, huwezi kuutoa mmoja bila kuchana mwingine. Waliondoa figo. Waliondoa mfuko wa uzazi na vifuko vyote viwili vya mayai. Walikata kipande cha utumbo wakaunganisha. Kiuno alisikiliza akitazama dari. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Fundi alikuja siku ya tatu. Nani alimpa habari, haikujulikana. Alisimama miguuni pa kitanda na mfuko wa machungwa mkononi, amevaa shati ambalo Kiuno hakulijua, lililopigwa pasi na mtu mwingine. Mama daktari alikuwa kwenye mzunguko wake wa wodini. Alipojulishwa kwamba huyu ndiye mume, akamweleza yote pale pale, kwa ule upesi wake, tangu figo mpaka mirija. Akamalizia, "Na kama mtu aliwahi kukuambia mkeo alitoa mimba, mimi nimemfungua nikatazama. Hayo hayakuwepo. Ulikuwa ugonjwa, tangu alipokuwa mtoto."

Aliondoka akawaacha. Fundi alitafuta pa kuweka machungwa, akakosa, akabaki nayo.

"Mimi niliambiwa," alisema mwishowe. "Ni daktari aliyesema. Ulisikia mwenyewe."

"Na mimi nilikuambia."

"Mama..."

"Nilikuambia kwa mdomo wangu, baba. Nyumbani kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa naumwa."

Machozi yalimlengalenga Fundi. Akasema mtoto wa kule amezaliwa, ni wa kiume, kama kwamba hilo lingemsaidia mtu yeyote mle ndani. Kiuno akasema, "Mungu amkuze," na alikuwa akimaanisha, kwa kuwa mtoto hana kosa. Kisha akafumba macho mpaka aliposikia viatu vyake vikienda. Kitinda aliporudi na uji akakuta mfuko wa machungwa sakafuni. Aliugawa wodi nzima.

Kiuno alipopata ruhusa hawakumrudisha kwenye ile nyumba ya kochi. Walimpeleka kwa mama yao, kwenye chumba walichokulia. Kitinda alikaa mpaka likizo ikamalizika, akaongeza siku, akaonywa kwamba atafukuzwa kazi, akaondoka akilia. Filimbi alituma ujumbe kwamba kazi ya tanuri hataiweza tena, ila akipona aje kwenye kufunga mikate, huko wanakaa. Ulikuwa ni wema, naye akaupokea kama wema.

Mama alimuuguza kimya kimya. Alimwogesha, akambadilishia nguo, akapita mbali na kovu kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala. Jioni moja alikuwa akimkanda miguu kwa maji ya moto, mikono ikasimama.

"Mama yako mdogo alikufa kwa tumbo," alisema. "Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba walisema alikunywa dawa za kutoa mimba. Mumewe alisema, watu wakakubali. Baba yetu alikataa kwenda kumzika."

"Na wewe mama?"

"Mimi nilikuwa na maumivu yale yale. Nilijua." Aliendelea kukanda, sasa kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. "Nilijua hakuwa na mimba wala nini. Lakini ningesema hata mimi ninaumwa hivyo, na mimi wangenisema nimekunywa. Nilikuwa na nyinyi wawili wadogo. Nikanyamaza. Nikawafundisha na nyinyi kunyamaza, nikaita kuvumilia."

Kiuno alitaka kukasirika, na hasira aliitafuta, akaikuta imechoka kama yeye. Aliishika mikono ya mama yake ndani ya karai, wakakaa hivyo mpaka maji yakapoa.

Binti alikuwa amehamia shule ya karibu na kwa bibi. Alikuwa mtoto wa kujituma, wa kufagia bila kuambiwa, na siku zile aliingia chumbani kwa mama yake kwa kunyata, akiuliza kama anataka maji, kama anataka dirisha lifunguliwe. Jumamosi moja Kiuno alimwita, akamkalisha kitandani, akaamua kumweleza. Alikuwa amelifikiria jambo lile tangu wodini. Alimweleza ugonjwa ni nini, umefanya nini tumboni mwake, bibi yake anao, mama yake mdogo wa ng'ambo anao. Alisema kwa maneno mepesi, kama Kitinda alivyomwambia yeye pale uani, na mtoto akasikiliza akivuta uzi wa shuka.

"Na mimi je?"

Kiuno alikuwa ameliandaa jibu la kumtuliza. Likamkwama.

"Huenda," alisema. "Si lazima. Lakini wewe unaweza kuupata kuliko mtoto wa jirani, kwa sababu ya sisi. Ndiyo maana siku ukianza kuona damu, au tumbo likikuuma, utaniambia. Siku hiyo hiyo. Hata kama nimelala, utaniamsha."

Binti aliendelea kuvuta uzi. Uliingia ndani ya shuka, ukavuta mstari mrefu ulionyooka.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia." Kisha, kwa sauti ndogo: "Nilishaanza."

"Lini?"

"Ulipokuwa umesafiri na mama mdogo. Kule kwa daktari."

Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja.

"Inauma?"

Binti aliinua mabega, akayashusha. Halafu akatikisa kichwa kukubali, na alipokubali mara moja hakuweza kuacha. Akatikisa, akatikisa, mdomo ameupinda ili usitetemeke.

"Shuleni huwa naenda chooni nakaa. Mwalimu anasema nadeka. Sikutaka kukuambia, mama. Wewe ulikuwa na ya kwako."

Kiuno aliinuka haraka kuliko kidonda chake kilivyomruhusu. Kovu likamvuta, akaona nyota, akashika ukingo wa kitanda mpaka zikapita. Alimvuta mtoto kifuani, akamweka mkono mgongoni, chini kabisa, pale anapopajua. Mgongo ulikuwa mwembamba mno, kila pingili ilihesabika. Jikoni bibi alikuwa akiosha vyombo, na sauti ya vyombo ikakoma, alikuwa akiwasikiliza.

"Lia," Kiuno alisema. "Lia kwa sauti."

Binti hakuweza. Alijaribu, sauti ikatoka kama kikohozi.